Sanamu za toleo maalumu na mfuko wako: mwongozo kamili kwa mkusanyaji wa Dar es Salaam

Sanamu ghali kuliko zote nilizowahi kununua imesimama ndani ya kabati la vioo sebuleni kwangu, Sinza. Kutoka chini ya kibao chake hadi ncha ya joho ni sentimita 62. Chini ya kibao kuna namba: 311 kati ya 500. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakipo. Nilikikuta kimekatika ndani ya boksi, nikakigandisha kwa gundi, kikadondoka tena, na sasa kiko kwenye kibahasha nyuma ya kabati. Kwenye tovuti ya muuzaji bei ilikuwa dola 1,000. Nilipomaliza kumlipa kila aliyekuwa anadai, ilikuwa imenila milioni tano na laki sita. Januari moja nilipobanwa na ada za watoto nikaitangaza, na ofa kubwa niliyopata hapa mjini ilikuwa milioni moja na laki nane.

Sijuti kuipenda. Ninachojuta ni kwamba hakuna aliyenikalisha chini akanionyesha hesabu kabla sijatoa advansi. Wakusanyaji tunaongezeka Dar, wengi ni vijana walioanza kazi juzi tu, na kila mara namwona mmoja anatuma picha ya oda yake mpya huku wenzake wakimpa moyo kwamba "hiyo ni mali, itapanda". Mwongozo huu nimemwandikia huyo. Nimeupanga kwa hatua, kwa kufuata jinsi fedha yenyewe inavyotoka mfukoni.

Kwa asiyezijua sanamu hizi: kampuni kama Sideshow ya California, Prime 1 Studio ya Tokyo, XM Studios ya Singapore na Iron Studios ya Brazil hupata leseni ya wahusika wa filamu, katuni na michezo ya video, wakawachonga, wakawamimina kwa resini iliyochanganywa na unga wa mawe (mchanganyiko huo huitwa polistoni), kisha wakawapaka rangi. Sehemu kubwa ya kazi ya kiwandani hufanyika China. Vipimo hutajwa kwa sehemu ya kimo halisi. Ukisikia "robo", mtu wa mita 1.8 amekuwa sentimita 45, ukiongeza kibao na joho linalopepea unafika sitini na kitu. Kila toleo hutangazwa idadi yake, mia tatu, mia tano, elfu moja, na hiyo idadi ndiyo inayotutoa jasho.

Hatua ya kwanza: amua fedha hii ni ya aina gani

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, chukua daftari uandike hii fedha inatoka wapi. Kama jibu ni akiba ya dharura, kodi ya nyumba, ada, au zamu yako ya mchezo ambayo mlikubaliana nyumbani itanunua kiwanja, funga daftari. Hapa mjini wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sanamu moja ya robo ikifika mlangoni inaweza kuwa imelingana na hiyo miezi sita, au kuipita. Liweke hilo kichwani.

Kama jibu ni mkopo, hapo sina maneno laini. Mikopo ya simu na ile ya mitaani tunayoiita kausha damu haikutengenezwa kwa kitu kitakachofika baada ya miaka miwili na kisichozalisha hata senti. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na bado watu wanatumiwa ujumbe wa kukopeshwa kila siku. Nimemwona rafiki yangu akilipia fungu la sanamu kwa mkopo wa simu, halafu akakopa kwingine kulipa ule wa kwanza. Mwishowe aliiacha oda, advansi ikapotea, na deni likabaki.

Fedha ya sanamu ni ya kudunduliza. Mimi nina kibubu cha kidijitali, akaunti ndogo ya pembeni ambayo haina kadi. Ikijaa ndiyo naangalia kuna nini sokoni. Isipojaa, sanamu hiyo haikuwa yangu. Na fedha ikishaingia kwenye sanamu, kwenye daftari naiandika imetumika, kama ile ya nauli na chakula. Siiweki upande wa mali. Mwenzi wangu anajua bei ya kila moja iliyomo kabatini, hata zile ambazo ningependa asizijue, kwa sababu fedha ya siri nyumbani huzaa ugomvi mkubwa kuliko hasara yenyewe.

Hatua ya pili: tafuta bei ya mlangoni

Hapa ndipo wengi tunaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bei ya tovuti ni ya mtu anayeishi karibu na ghala lao. Sisi tunaanza na usafiri, na usafiri wa ndege hauangalii uzito wa mizani peke yake. Makampuni ya kusafirisha vifurushi kama DHL hupima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, kisha hugawanya kwa 5,000. Wakipata namba kubwa kuliko kilo za mizani, unatozwa hiyo kubwa. Boksi la sanamu yangu lilikuwa 75 kwa 60 kwa 50. Zidisha: 225,000. Gawanya kwa 5,000: kilo 45. Kwenye mizani lilikuwa na kilo 19. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kilo 19.

Tuifanye hesabu nzima kwa dola moja sawa na shilingi 2,500, ili iwe rahisi kufuata. Sanamu ni dola 1,000, yaani milioni mbili na nusu. Usafiri na bima ya njiani tuchukue dola 380, yaani 950,000. Forodha yetu inatoza kodi juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, siyo juu ya bei ya sanamu peke yake. Kwa hiyo msingi wa kodi ni 3,450,000. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vinne: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Kiwango cha bidhaa yako kinategemea imeandikwa kwenye fungu gani la ushuru, kwa hiyo mtume wakala wa forodha picha na maelezo ya malighafi akuambie kabla hujalipa. Kwa mfano huu tuweke 25: ushuru ni 862,500. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa baada ya ushuru kuongezwa, juu ya 4,312,500, nayo ni 776,250. Umeshafika 5,088,750. Bado tozo ndogo ndogo, ikiwemo ya maendeleo ya reli, ujira wa wakala, na gharama za ghala kama mzigo umelala. Tenga laki mbili hadi laki tatu.

Kitu cha milioni mbili na nusu kimekuwa cha milioni tano na laki tatu. Ukiona mtu anasema sanamu yake "imepanda" kutoka dola 1,000 hadi 1,300, muulize amehesabu kuanzia wapi.

Njia ya kupunguza makali ipo, na wafanyabiashara wa Kariakoo wameitumia miaka mingi: mzigo wa meli kwenye kontena la kushirikiana. Kwa kuwa maduka mengi ya sanamu yako Hong Kong na China bara, unaweza kumwambia muuzaji apeleke kwenye ghala la msafirishaji aliyeko Guangzhou, na wewe unalipia kwa ujazo. Boksi langu lingekuwa mita za ujazo 0.225. Muda ni mrefu na kontena lina vurugu zake. Boksi la sanamu likiwekwa chini ya vyuma vya vipuri, usitarajie salama. Lipia fremu ya mbao, hata kama msafirishaji atakuona unadeka. Muulize pia kama bei anayokupa imejumuisha kodi zote, na dai karatasi inayoonyesha hivyo. Mzigo usio na karatasi utakutesa siku ya kuuza na siku ya kudai bima.

Kuna atakayekushauri umwombe muuzaji ashushe bei kwenye ankara, aandike dola 200. Usikubali. Forodha wana haki ya kuikataa thamani hiyo, na wewe ndiye utakayebeba faini na siku za ghala. Kisha lipo jambo wasilolisema washauri hao: kitu kikivunjika njiani, msafirishaji anafidia thamani iliyoandikwa. Uliandika 200, utalipwa kwa 200.

Hatua ya tatu: isome oda ya awali kama mkataba wa deni

Sanamu hizi huuzwa kabla hazijatengenezwa. Unaona picha za mfano mmoja uliopakwa rangi na fundi bingwa, unalipa advansi, kisha unasubiri. Mwaka mmoja ni kawaida, miwili si ajabu. Wauzaji wengi wanaandika kwamba advansi hairudishwi. Wengine wana mpango wa mafungu ya kila mwezi, na ukikosa fungu, wanaweza kufuta oda na kubaki na walichopokea. Soma kifungu hicho neno kwa neno.

Hatari yetu ya kwanza hapo ni shilingi. Nilipotoa advansi mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kwenye 2,300 na ilikuwa imetulia hapo muda mrefu kiasi kwamba sikuiwazia. Mzigo ulikuwa tayari katikati ya 2024, dola imepita 2,600, na kwa kiwango cha kadi yangu nilikatwa karibu 2,700. Kwenye salio la dola 900, hiyo ni tofauti ya shilingi 360,000 ambayo haikuwa kwenye bajeti. Na hiyo ilikuwa miezi ya uhaba wa dola: benki yangu ilikuwa imeshusha kiwango cha manunuzi ya mtandaoni kwa mwezi, nikalazimika kumwomba binamu yangu alipie nusu kwa kadi yake huku muuzaji ananitumia onyo la siku saba. Mwishoni mwa mwaka huohuo dola ikarudi kuelekea 2,400. Ningeweza kupona kama ningekuwa na muda, lakini tarehe ya malipo huipangi wewe. Kwa hiyo panga bajeti ya salio kwa kiwango cha juu kuliko cha leo. Mimi naongeza asilimia 20. Isipohitajika, inabaki kwenye kibubu.

Hatari ya pili ni muda wa ulinzi wa kadi. Watu wanasema "nimelipa kwa kadi, wakinitapeli benki itarudisha". Kwa kanuni za Visa, aliyelipa na asipokee bidhaa ana siku 120 za kulalamika, zikihesabiwa tangu tarehe aliyotarajia kupokea, na kwa vyovyote haziwezi kuvuka siku 540 tangu muamala ulipofanyika. Siku 540 ni mwaka mmoja na nusu. Oda inayoahirishwa mara tatu inavuka hapo bila wewe kushtuka, na muuzaji akifilisika mwezi wa ishirini, unasimama kwenye foleni ya wadai wa nchi nyingine. Weka kengele kwenye simu: siku ya 450 tangu ulipolipa, iwe umeamua kuendelea kungoja au kudai.

Hatari ya tatu ni rundo. Oda moja ya dola mia haiumi. Oda nane za dola mia, kila moja na salio la mia tisa, ni deni la dola 7,200 ambalo halionekani popote kwenye simu yako. Na viwanda vina tabia ya kuchelewesha, kisha sanamu tatu zikakamilika mwezi mmoja. Ndiyo maana nikaiita mkataba wa deni. Kwenye daftari langu kuna ukurasa mmoja tu wa oda, una mistari mitatu, na oda ya nne haiandikwi mpaka mmoja ukatwe.

Hatua ya nne: ichunguze hiyo "idadi maalumu"

Uhaba una maana pale tu wanaoitaka ni wengi kuliko zilizopo. Sanamu 500 za mhusika anayependwa na watu 300 wenye fedha ni nyingi mno. Na idadi yenyewe ina milango ya nyuma. Baadhi ya matoleo hutangazwa bila idadi, idadi inajulikana baada ya dirisha la oda kufungwa. Mengine yana toleo la kawaida na toleo la upendeleo lenye kichwa cha ziada, kila moja na hesabu yake, ukijumlisha unakuta elfu na kitu. Kisha baada ya miaka mitatu kampuni ileile, au nyingine yenye leseni ileile, inatoa mhusika huyohuyo akiwa amechongwa vizuri zaidi, na ya kwako inaanza kuonekana ya kizamani. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo.

Historia ya biashara hii inatisha kwa anayeisoma. Goebel ya Ujerumani ilianza kutengeneza sanamu za watoto za Hummel mwaka 1935, kwa michoro ya mtawa Maria Innocentia Hummel. Baada ya vita wanajeshi wa Marekani walizibeba kwao kama zawadi, zikawa homa, watu wakazinunua kwa vitabu vya bei mkononi wakiamini wanawawekea wajukuu. Wajukuu hawakuzitaka. Wenye nazo walipozeeka wote wakaziingiza sokoni kwa wakati mmoja, na Goebel wenyewe wakaacha kuzitengeneza mwaka 2008. Nyingi leo zinauzwa kwa bei ya kutupa. Katika miaka ya 1990 vitabu vya katuni na kadi za kukusanya vilipita njia hiyohiyo: vilichapishwa vikiitwa vya kukusanya, kila mtu akakusanya, soko likaporomoka, na Marvel wakaomba ulinzi wa kufilisika Desemba 1996. Kitu kilichotunzwa vizuri na kila aliyekinunua hakiwi adimu.

Nenda Mwenge kwenye vinyago ukaongee na mzee anayechonga mpingo, utaona tofauti. Kinyago chake ni kimoja, kuna kovu la patasi ambalo halitajirudia, na mti wenyewe uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, jamii yote ya Dalbergia. Hata hivyo hawezi kukuahidi kwamba kitapanda bei. Kiwanda kinachomwaga 500 za namna moja kinapata wapi ujasiri wa kuahidi?

Kwa ukaguzi wa muuzaji: tafuta kama ana leseni ya mhusika. Kuna karakana nyingi China zinazochonga bila leseni, kazi nzuri mno kwa macho, zinauzwa kupitia mawakala wa kwenye simu na advansi inaenda kwa mtu binafsi. Karakana ikifungwa, hakuna wa kumdai. Kuna pia feki zenyewe, yaani mtu amenunua sanamu halisi, akaitengenezea kalibu, akamimina nakala. Dalili zake: uzito mdogo, mistari ya uso iliyolainika kama sabuni iliyotumika, rangi za macho zisizolingana, na boksi lenye maandishi yenye ukungu. Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia, kwa hiyo hasara hapo ni ya asilimia mia.

Hatua ya tano: pokea boksi kama unapokea ushahidi

Nilipoenda kuchukua mzigo wangu uwanja wa ndege, nilikuwa na furaha ya mtoto wa Idi. Nikasaini, nikalipakia kwenye kirikuu, tukaondoka. Kona moja ya boksi ilikuwa imebonyea ndani kama inchi mbili. Niliiona. Nilisaini hata hivyo, kwa sababu wakala alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka zaidi yake. Saini ile ndiyo iliyokula kidole. Muuzaji aliponijibu, alinitumia karatasi yenye jina langu pembeni ya maneno "umepokelewa katika hali nzuri".

Kwa hiyo: piga picha pande zote sita kabla ya kusaini. Ukiona kona imebonyea, andika kwenye karatasi ya mapokezi kwa mkono wako, hata kama aliyesimama mbele yako ananuna. Nyumbani, rekodi video moja isiyokatwa, kuanzia gundi ya nje haijachanwa hadi kipande cha mwisho kimetoka kwenye povu. Fungua ukiwa umekaa sakafuni juu ya godoro, siyo mezani. Toa kibao kwanza, kisha kiwiliwili, mikono na vichwa mwisho. Vipande vingi vina sumaku, na sumaku inavuta ghafla. Nimesikia sauti ya mkono wa polistoni ukigonga kiwiliwili chake chenyewe, na sitaki kuisikia tena. Wauzaji wengi wanataka malalamiko ndani ya siku chache tu tangu mzigo ufike, kwa hiyo usilitunze boksi mpaka wikiendi ijayo.

Na boksi usilitupe. Mnunuzi wa sanamu hizi anauliza boksi kabla hajauliza bei, na bila boksi na povu lake huwezi hata kuisafirisha. Hiyo nayo ni gharama, maana maboksi sita ya ukubwa ule yamejaza stoo yangu yote, na stoo nailipia kodi.

Hatua ya sita: hesabu joto, chumvi na kuhama

Dar ni rafiki mbaya wa resini. Jua la mchana likipiga dirishani, rangi nyeupe zinageuka njano na sehemu nyembamba kama upanga zinaanza kupinda. Vitu vya plastiki laini vinatoa utelezi wa kunata. Ukikaa Mbezi Beach au Kunduchi, hewa ya chumvi inakula skrubu na waya wa taa za ndani ya kibao. Weka kabati ukuta usiopigwa na jua, tia pakiti za kukausha unyevu, toa betri kwenye taa. Kiyoyozi kinasaidia, lakini umeme ukikatika mchana chumba kinachemka kisha kinapoa, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakochosha gundi. Kufuta vumbi ni kazi ya brashi laini ya vipodozi, kavu. Mwelekeze mapema kila anayefanya usafi nyumbani, kwa upole, kwa sababu yeye anaona mwanasesere na hana namna ya kujua.

Kama umepanga, jua pia kwamba utahama. Kuhama mara moja kutoka Tabata hadi Sinza kulinigharimu kirikuu wawili badala ya mmoja, na upanga mmoja.

Hatua ya saba: karatasi na bima

Hii ni fupi, lakini usiiruke. Weka ankara, risiti za kodi, karatasi ya wakala na picha za namba ya toleo mahali pamoja, nakala moja nje ya nyumba. Ukikata bima ya vitu vya nyumbani, hakikisha kampuni imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na sanamu zitajwe moja moja kwa thamani yake. Ukisema tu "mapambo ya sebuleni", moto ukitokea utalipwa mapambo ya sebuleni. Uliza bei ya kufidia itakuwa ya manunuzi, ya kutua mlangoni, au ya sokoni, na jibu liwe kwa maandishi.

Katika bahasha hiyohiyo andika ukurasa mmoja kwa ajili ya familia: kila sanamu ni ipi, ilinunuliwa kwa kiasi gani, nani aulizwe. Ukiondoka ghafla, watu wako wasiziuze kwa bei ya midoli.

Hatua ya nane: pima mlango wa kutokea kabla hujaingia

Nimeiweka mwisho kwa kuwa ndipo fedha inapoishia, lakini wewe ifanye kabla ya advansi.

Bei unazoziona kwenye minada ya mtandaoni ni za mtu aliyeko Marekani akimuuzia jirani yake. Kwanza acha kuangalia bei zinazoombwa, angalia zilizouzwa kweli. Kisha toa kamisheni ya soko, ambayo mara nyingi inapita asilimia kumi. Kisha toa usafiri wa zile kilo 45 kutoka Dar kwenda kwa mnunuzi, na hatari ya kuvunjika ambayo sasa ni yako. Sanamu ya dola 1,200 kule inaweza kukuachia dola 600 mkononi, wakati ilikugharimu 2,100. Kwa hiyo soko lako halisi ni hapahapa, na hapa wanaoweza kutoa milioni tatu kwa mhusika mmoja maalumu wakati mmoja ni wachache mno. Fanya jaribio: kabla ya kununua, waulize wakusanyaji watano mnaofahamiana wangetoa kiasi gani leo kwa sanamu hiyo, taslimu. Chukua jibu la chini. Tofauti kati ya hiyo na bei ya mlangoni ndiyo gharama ya kuimiliki. Mimi ikinizidi kipato cha mwezi mmoja, naacha.

Ukiuza, taja bei kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Usikubali "nitakutumia jioni". Mnunuzi aje, aone, alipe, na wewe uangalie salio lako mwenyewe badala ya ujumbe aliokuonyesha kwenye simu yake. Kasoro zote zitaje kwanza wewe. Na kama ni shida ya ghafla inayokusukuma, anza na zile ndogo za laki tatu, laki nne, ambazo zinapata mtu ndani ya wiki. Kubwa zinachukua miezi, na anayejua una haraka atakunyonga kwa bei.

Januari ile niliikataa ile milioni moja na laki nane. Niliuza ndogo tatu kwa siku kumi, ada ikalipwa, na jamaa wa Tabata aliyechukua ya mwisho alikuja na godoro dogo nyuma ya kirikuu. Kabla hajalipa alinyanyua kila kidole kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, akihesabu.